Haki za Paka na Mbwa Waliookotwa

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho akakikadiria riziki yake, akawafanya wanyama watembeao juu ya ardhi kuwa ni umati mfano wa wanadamu, kama ilivyotajwa katika Sura ya An'am. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Katika miji ya pwani, tangu Lamu hata Unguja, ni shida kuona mtaa usiokuwa na paka wasio na mwenyewe. Hulala juu ya baraza, huzunguka bucha, hungoja matumbo ya samaki pale wavuvi wapaapo. Mbwa ni wachache zaidi mjini. Wao huonekana majaani na viungani, mbavu zikihesabika. Na mara kwa mara hutokea mtu akamwokota mmoja katika hawa: paka aliyevunjwa mguu na pikipiki, au kilebu aliyefiwa na mamaye akibweka peke yake chini ya mnazi. Humwingiza nyumbani kwa huruma yake, au kwa kuwa watoto wamelia mlangoni wasinyamaze. Tendo hilo ni jema. Lakini wengi hudhani ya kuwa wema umekwisha timia pale mnyama alipovuka kizingiti, na kumbe deni ndipo lilipoanza.

Imepokewa na Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume (s.a.w.) alitoa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Watu huisikia hadithi hii tangu chuoni, na kwa kuizoea hawaitazami vizuri. Mwanamke yule hakutajwa kuwa alimpiga paka wake, wala kuwa alimmwagia maji ya moto. Alilolifanya ni kumfunga. Kisha hakumlisha, wala hakumwacha ende akaokote wadudu wa ardhini. Paka wa njiani, kwa dhiki yake yote, ana mlango wa riziki. Na yule afungiwaye ndani, mlango wake ni mkono wa mwenye nyumba peke yake. Basi mwenye duka amfungiaye paka ghalani usiku na mchana ili amkamatie panya, wala hampi hata kichwa cha dagaa, akidai ya kuwa akishiba hatawinda, na ajiulize: panya watakapokwisha, tofauti itakayobaki baina yake na mwanamke yule ni ipi?

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa sana katika darsa za pwani, ameiweka haki ya mnyama mwishoni mwa mlango wa nafaqa, yaani masurufu, baada ya haki ya mke na ya jamaa na ya mtumwa. Mahali penyewe pa kuwekwa ni dalili. Haki hiyo haikutiwa katika mlango wa sadaka, ambayo mtu akipenda hutoa na asipopenda huacha. Imetiwa katika madeni ya nyumba. Na mwenye mnyama akikataa kumlisha, kadhi ana amri ya kumlazimisha: alishe au auze, na akiwa ni mnyama aliwaye, basi anayo pia njia ya kumchinja. Kwa paka hapana njia hiyo ya tatu.

Tena katika mlango wa kutayamamu pana suala ambalo wanafunzi hulipita mbio. Mtu ana maji kidogo, wakati wa Sala umeingia, na karibu yake yupo mnyama mwenye heshima ya kisheria ashikwaye na kiu. Maji yale si ya udhu tena. Atampa mnyama anywe, na yeye atatayamamu kwa mchanga na Sala yake ni sahihi. Wako wasemao ya kuwa kuhurumia wanyama ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa juzi. Hao na wafungue vitabu vyao wenyewe, wayasome masuala haya yaliyoandikwa miaka mia saba na zaidi iliyopita.

Kumweka paka nyumbani ni jambo jepesi. Kabsha binti Kaab, mke wa mwanawe Abu Qatada, alimwekea mkwewe maji ya udhu. Akaja paka, na Abu Qatada akamwinamishia chombo hata akanywa. Alipomwona Kabsha akistaajabu, alimweleza ya kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, naye ni katika wale wazungukao ndani ya majumba ya watu. Na Bibi Aisha aliletewa harisa naye yumo katika Sala. Paka akala kidogo, na Bibi Aisha alipomaliza Sala yake alikula pale pale alipokula paka. Mume amkemeaye mkewe kwa kuwa paka ametia mdomo katika ndoo, akamwamrisha amwage maji yaliyotekwa kwa taabu, anamkemea kwa jambo lisilo na asili.

Yako mawili ya kuangaliwa. La kwanza, paka akionekana yu na damu ya panya mdomoni, kisha pale pale akanywa katika maji machache, maji yale yamenajisika. Ama akighibu kwa muda wa kuweza kunywa mahali penye maji mengi, kisha akarudi, chombo hakihukumiwi kuwa na najisi. La pili ni manyoya. Katika madhehebu ya Imam Shafi manyoya yaliyopukutika ya mnyama asiyeliwa ni najisi, lakini machache husamehewa. Basi unyoya mmoja au miwili juu ya kanzu hauibatilishi Sala ya mtu. Mwenye kukaa na paka wanne watano atandike msala wake mahali wasipolala, na kanzu ya msikitini aitundike. Hayo yatosha, wasiwasi nao ni maradhi.

Kwa mbwa jambo ni zito zaidi, wala halifai kufichwa kwa kuwapendeza watu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, mbwa ni najisi nzito, na alipogusa kwa umajimaji paoshwe mara saba, moja yao kwa udongo. Imam Malik ana kauli nyingine, ya kuwa mbwa aliye hai ni tohara. Lakini si adabu mtu kuruka madhehebu kila penye uzito. Tena zimethubutu hadithi za Mtume (s.a.w.) ya kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na ya kuwa afugaye mbwa pasipo haja ya kuwinda, au ya mifugo, au ya shamba, hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Basi kilebu halazwi chumbani wala hapandishwi kitandani, hata watoto wakilia namna gani.

Lakini najisi ni hukumu ya maji na vyombo. Mbwa hana dhambi yoyote kwayo, na mtoto wa mtaa hana ruhusa kwayo ya kumpiga mawe. Vijana wa Pangoni walilala na mbwa wao kanyosha mikono kizingitini, na Mwenyezi Mungu akamtaja katika Kitabu chake pamoja nao. Na mtu yule aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, alipopanda akamkuta mbwa akihema na kulamba udongo mbichi. Alirudi chini mara ya pili, akakijaza maji kiatu chake cha ngozi, akakiuma kwa meno apate kupanda kwa mikono miwili, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akampokelea tendo lake akamghufiria. Masahaba walipouliza kama wanyama nao wana thawabu, walijibiwa ya kuwa katika kila kilicho hai yamo malipo. Kiatu chaoshwa. Mbwa akisha kufa kwa kiu hapana cha kuosha.

Basi amwokotaye mbwa aliyejeruhiwa afanyeje? Kumtibu na kumlisha si kumfuga. Atamwekea banda la makuti nje ya nyumba, uwanjani au shambani, mahali pasipo njia ya kwenda msalani wala kisimani. Atamtengea kifuu cha maji na kigae cha chakula, vyake peke yake, visiingie jikoni kamwe. Hivyo hapana haja ya kuosha mara saba kila jioni, wala mkewe hatapata la kunung'unikia. Amguse akiwa mkavu na mkono mkavu, kwani kavu kwa kavu hainajisi. Na akilazimika kumfunga kidonda, avae nguo ya kazi, kisha aoshe kama ilivyoamriwa. Mbwa akisha kupona, atazamwe: akifaa kulinda mbuzi au shamba, akae kwa kazi hiyo, au apewe mwenye haja naye. Imam Nawawi ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kulinda nyumba nako hukisiwa juu ya kulinda shamba na mifugo, na ya kuwa yafaa kumlea kilebu ili akue afanye kazi hizo. Mlango basi si mwembamba kama udhaniwavyo.

Mwenye kufanya haya hatakosa maneno barazani. Ataitwa mtu wa mbwa, na pengine aliye kando yake katika safu atakunja kanzu yake. Avumilie, na awe msafi kupita wao, wasipate hoja.

Hata hivyo huruma pasipo hadhari yaweza kuua. Kichaa cha mbwa hupatikana kwa mate ya mnyama mgonjwa, mbwa na paka pia, na dalili zake zikisha kudhihiri kwa mwanadamu ni nadra mno kupona. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha ende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Asikae nyumbani akitiwa majani na kusomewa peke yake, kwani kusomewa na sindano havigombani. Na kila mbwa aokotwaye apelekwe kuchanjwa kabla ya watoto kumzoea. Faida ya chanjo imeonekana Pemba. Mbwa wa kisiwa walichanjwa, na kichaa kikakoma mwaka 2014. Kikaingizwa tena mwaka 2016, kikaenea, nacho kikakomeshwa mara ya pili kwa chanjo mwaka 2018. Wataalamu husema wakichanjwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwa hakikuokoka kwa mawe na sumu.

Lililobaki ni baya kuliko yote, nalo hufanywa na watu wasalio safu ya kwanza. Paka wa nyumbani akizaa, watoto wake hutiwa katika gunia, wakachukuliwa usiku hata soko la samaki au ufukweni, wakamwagwa. Mtendaji hujiambia ya kuwa amewaacha huru. Huyo aliyekwisha kuwazoeza kula kwa mkono wake, akawapeleka penye paka shume mia wawezao kuwararua, wao hawajafumbua macho vizuri, amewaacha huru na nini? Mambo kama haya yalitendwa kwa wingi katika Istanbul mwaka 1910, mji wa Waislamu ambao wenyeji wake walikuwa wakiwalisha mbwa wa mitaani karne kwa karne. Wenye amri wa wakati ule walitaka mji uonekane wa kisasa. Wakawakusanya mbwa maelfu kwa maelfu, wakawapeleka kwa mashua katika kisiwa kikavu cha Sivriada, kisicho na maji wala chakula, wakafa humo kwa njaa na kiu. Husimuliwa ya kuwa vilio vyao vilisikilikana kwa mbali, na watu wa mji wakaona haya kwa miaka mingi. Gunia la mtu mmoja ni kisiwa kile kwa udogo wake.

Na kama nyumba haiwezi paka kumi, basi yapasa kuzuia kabla ya kuzaliwa. Mashafi wa zamani walikataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na kauli yao ina uzito, kwani kuhasi kwa zama zile kulikuwa ni kukata kwa kisu na mnyama akilia. Lakini wanazuoni wa zama za karibu, akiwemo Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin aliyefariki mwaka 2001, wameruhusu paka kupasuliwa wasizae wakiwa wamezidi na upasuaji hauwadhuru, wakaona ya kuwa hilo ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Mganga wa wanyama humlaza paka kwa dawa asihisi kisu. Mwenye kuona uzito juu ya kauli hii na amuulize sheikh wake. Lakini ende akaulize leo, kabla paka hajashika mimba, si siku ya gunia.

Maskini naye ana hukumu yake. Wanawe na mkewe watangulia, na mnyama hupewa kilichobaki: maji ya ugali, miiba, ukoko wa wali. Akikosa kabisa, asimfungie. Amtafutie mwenye uwezo, au amfungulie mlango akajitafutie. Na mwenye kusafiri, kwa biashara au kwa Hija, atamwachia jirani ufunguo, na fedha ya dagaa kwa hesabu ya siku atakazokuwa safarini, na atamwonyesha kifuu cha maji kilipo kabla hajapanda chombo.