A ya Uaminifu

Baba alisoma ripoti yangu kwa sauti, mama akichambua mchele. Alianza na masomo: Kiswahili A, Hisabati C, nafasi ya 9 kati ya 84. Kisha akageuza karatasi upande wa tabia na mwenendo, ambako kila sifa, usafi, heshima, ushirikiano, ilikuwa na herufi yake. "Uaminifu, A," akasema, akanitazama. "Hiki ndicho ninacholipia ada."

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya masista. Muhula ule mimi na rafiki yangu tulikuta maswali ya jaribio la Biolojia juu ya meza ya mwalimu, tukayanakili. Wiki moja baadaye yeye alishindwa kuvumilia, akaenda mwenyewe kwa mwalimu wa darasa akasema alichofanya. Jina langu hakulitaja. Ripoti yake ilikuja na D ya uaminifu.

Leo nasoma shahada ya uzamili, na bado najiuliza: shule ile ilipima nini? Aliyesema kweli alipewa D, aliyenyamaza akapewa A. Ile herufi haikupima uaminifu. Ilipima nani amejulikana.

Naielewa nia ya walimu wangu. Shule ya Kikatoliki hujiona inalea mtu mzima, akili na roho. Ikituma nyumbani alama za Hisabati peke yake, mtoto atajifunza kwamba Hisabati ndiyo yenye thamani. Kwa hiyo lazima iseme kitu kuhusu tabia. Shida ni pale inapotumia rula ileile ya masomo. Jibu la Hisabati liko kwenye karatasi, mwalimu analiona. Moyo wangu haukuwa kwenye karatasi.

La ajabu ni kwamba Kanisa lenyewe linaujua mpaka huu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 985, inasema gombera wa seminari au mkuu wa taasisi nyingine ya elimu asiwaungamishe wanafunzi wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe wakiomba kwa hiari katika hali fulani. Kanuni ya 240 inakataza kuuliza maoni ya muungamishi pale inapoamuliwa kama mseminari apewe daraja au aondolewe. Maana yake ni wazi: anayeamua maendeleo yako asiwe ndiye anayesikia siri za dhamiri yako. Ukijua kukiri kutakushusha daraja, utajifunza kutokukiri.

Sisi tulijifunza hivyo. Baada ya ile D, sikumbuki msichana mwingine bwenini kwetu aliyekwenda kusema kosa lake kabla ya kukamatwa.

Sidai kosa lake lisingeadhibiwa. Jaribio lile angelirudia, sawa. Lakini mahali pa herufi palitosha sentensi moja: "Alikosa, akaja mwenyewe kusema." Mzazi wake angejua kosa, na angejua pia amezaa mtoto wa namna gani. Kwangu mimi, mwalimu angeweza kuandika aliyoyaona tu: anafua sare, anawahi misa, anasaidia wadogo. Uaminifu angeuacha wazi.

Baba bado ameitunza ile ripoti, kwenye bahasha moja na cheti changu cha kuzaliwa. Bado sijamwambia.