Nasaha kwa Ukoo Unaokwenda Mikumi Wakati wa Masika

Pasaka haina tarehe moja, lakini haitangulii Machi 22 wala haipiti Aprili 25, na siku hizo kwetu ni masika. Ofisi zimefungwa, watoto wako nyumbani, na ndugu walio Ulaya na Marekani, ambako ni majira ya kuchipua, huja na watoto wao kusalimia. Ndipo mtu husema: mwaka huu tusikae tu sebuleni tukila pilau, tumpeleke bibi Mikumi.

Wazo ni jema. Ila zipo familia zilizokwenda mbugani zikiwa moja zikarudi zikiwa mbili, na simba hakuhusika. Yalihusika maneno yaliyosemwa ndani ya gari, hesabu zilizofichwa hadi langoni, na mama mmoja aliyepika siku tatu bila kuona hata pundamilia. Kwa hiyo nasaha hizi zina shina moja: katika safari ya vizazi vitatu, kila rika lina haki yake na kila rika lina kazi yake. Mzee akipewa haki bila kazi amefanywa mzigo. Kijana akipewa kazi bila haki amefanywa mtumishi. Mtoto akinyimwa vyote viwili atajitafutia kazi mwenyewe, na hamtaipenda.

Kabla ya kutoka

Mzee haarifiwi safari, huombwa. Usimpigie mama simu Jumatano ukamwambia ajiandae, mnakuja kumchukua Ijumaa Kuu. Mwendee mapema, umweleze mnakusudia nini, mtalala wapi, na kama huko mtakakolala kuna ngazi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni kilomita zipatazo 280, na mwenye miguu inayovimba huzipima kwa saa za kukaa.

Akijibu, "Nendeni wanangu, mimi nitalinda nyumba," usikimbilie kumbishia, wala usikimbilie kukubali. Mara nyingi mzee anayelinda nyumba anaogopa jambo moja asiloweza kulitamka mbele ya wakwe: choo. Hatamki kwamba usiku huamka mara tatu, wala kwamba vyoo vya kuchuchumaa vimemshinda. Mtume binti yake mmoja, anayezoeana naye, amuulize faraghani. Likishapangwa hilo, utashangaa jinsi nyumba inavyopata mlinzi mwingine.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Familia zenye busara huwapandisha wazee treni pamoja na mjukuu mmoja wa kuwasindikiza, kisha huwapokea Morogoro kwa gari. Ndani ya treni choo kipo, na goti linanyooka. Heshima ya namna hiyo inamfaa mzee kuliko kitenge kipya cha kupigia picha.

Dawa za presha na kisukari zikae kwenye mkoba wa mwenyewe, zisifungwe kwenye begi lililo juu ya keria. Mjukuu mkubwa akabidhiwe kazi ya kujua saa za dawa na saa za kula. Kijana wa miaka kumi na sita aliyepewa amana hiyo hatakuwa na muda wa kununa kwa sababu mtandao umekatika.

Juu ya fedha

Fedha huvunja safari nyingi kuliko matope, kwa hiyo isemwe mapema na yote. Katika hifadhi zetu za taifa, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na mgeni wa nje hutozwa kwa dola, tena kwa kiwango cha juu zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipiwi. Gari nalo lina ada yake. Kama dada yenu amekuja na mume mgeni, jambo hilo lizungumzwe nyumbani, kwenye kahawa, ili shemeji asije akasimama langoni akihisi kwamba yeye ndiye aliyepandisha bei ya familia. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, maana uraia hauthibitishwi kwa lafudhi.

Mwenye nacho akitoa zaidi, atoe kimya. Ile orodha ya "amelipa" na "hajalipa" inayobandikwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni fimbo, na anayechapwa kwayo huwa ni yule yule aliyeachishwa kazi mwaka jana. Mwenye kukosa fedha apewe nafasi ya kutoa kitu kingine: aendeshe gari, achinje kuku, awaangalie watoto. Kutoa hakuna namna moja.

Na kama mnamchukua dada anayewasaidia kazi za nyumbani, mchukueni kama msafiri. Jina lake liwe kwenye hesabu ya viingilio tangu mwanzo. Zipo familia zinazomfikisha hadi Mikumi, kisha zinamwacha kwenye nyumba ya wageni na mtoto mchanga na ndoo ya nguo, wengine wote wakienda kumtazama twiga. Jioni wanamwonyesha picha. Watoto wenu wanalitazama hilo, na ndilo watakalojifunza katika safari nzima. Mtoto mchanga ana mama, ana baba, ana shangazi. Washike zamu, na dada naye apate dirisha lake.

Ndani ya gari

Kiti cha mbele ni haki ya mwenye goti bovu kuliko wote. Simu nzuri ya kupigia picha haimpi mtu kiti.

Angalia pia nani anakaa na nani. Kwa makabila yetu mengi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawabanani kiti kimoja. Vijana wa mjini husema hayo ni mambo ya zamani. Basi na wamtazame mama aliyebanwa bega kwa bega na mkwewe kwenye Noah iliyojaa: mkoba ameukumbatia kifuani, uso ameuelekeza dirishani, na tangu Chalinze hajaomba hata maji ya kunywa. Hatalalamika, kwa kuwa malezi yake hayamruhusu. Anayepanga viti ndiye mwenye jukumu la kujua. Mweke mjukuu katikati, au mhamishe mkwe nyuma kabla gari halijawashwa, na pasiwe na maelezo.

Kila baada ya saa moja na nusu simameni, tena mahali penye choo cha heshima. Abiria wa basi wamezoea kushuka "kuchimba dawa" popote konda atakapotangaza, lakini bibi hachimbi dawa kwenye shamba la mtu huku malori yakipita. Na adabu iliyo bora hapa ni kumtangulia: mtu wa rika la kati aseme yeye ndiye anayetaka kunyoosha miguu. Mzee atashuka naye bila kuwa ameomba. Mkishaingia mbugani kushuka kwenye gari ovyo hakuruhusiwi, ni hadi kwenye sehemu zilizotengwa, kwa hiyo hitaji hilo limalizwe langoni.

Babu na bibi wana utani na wajukuu, na safari ndefu ndio uwanja wake. Bibi akimwita mjukuu wa miaka saba "mume wangu" na kumdai mahari ya ndizi, wazazi msiingilie kati kwa kuwasha muziki. Watoto waliolelewa ughaibuni huenda wasielewe mara moja. Waelezwe, kisha waachwe wajibu mapigo. Babu wa miaka sabini ni mkubwa kuliko hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1964. Akianza kusimulia njia hii ilivyokuwa kabla ya lami, hiyo ndiyo kazi yake katika safari, na simu zizimwe aifanye.

Langoni na kwa wenye kazi

Watoto wafundishwe kumwamkia dereva, askari wa uhifadhi na mwongozaji kama wanavyowaamkia wajomba zao. Shikamoo haina ada. Mkubwa wa familia asianze na swali la "unajua mimi ni nani?" Afande anayekagua vibali anafanya kazi yake, na foleni ya Pasaka ni ya watu wote.

Msimhimize dereva avunje sheria kwa ajili ya picha. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na wanyama wengi wamegongwa hapo. Vibao na matuta vimewekwa kwa sababu hiyo. Ndani ya mbuga nako gari haliachi njia, hata kama simba amelala hatua chache pembeni. Atakayelipa faini ni dereva, na atakayechimba gari likizama ni dereva pia. Masika udongo mweusi wa tambarare ya Mkata hunata kwenye matairi, na baadhi ya njia hazipitiki kabisa. Mwongozaji akisema huku hatuendi, neno lake litoshe.

Mbele ya wanyama

Anayekwenda masika ajue anachokifuata. Maji yamejaa kila mahali, kwa hiyo wanyama hawalazimiki kukusanyika kwenye bwawa moja. Wametawanyika, na nyasi ndefu zinawaficha. Badala yake mtaona nchi ya kijani, milima ya Uluguru imevaa mawingu, na ndege wengi. Watu wazima msiweke sura ya kudai fedha mrudishiwe. Mtoto akimsikia baba yake anasema "tumekula hasara, hata simba hakuna," naye atawadharau swala elfu moja walio mbele yake.

Mkimkuta mnyama, zimeni injini na mshushe sauti. Msipige honi, msigonge mlango, msimrushie chochote. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, kwa sababu mbung'o huzifuata. Vioo vifungwe nyani wakiwa karibu: nyani mmoja aliyeonjeshwa chapati leo atampokonya mtoto wa familia nyingine kesho, na mwisho wake huyo nyani huwa mbaya.

Kwa tembo, kaeni kwa heshima ya pekee. Jike hubeba mimba kwa miezi ishirini na miwili, na kundi la majike na watoto huongozwa na jike mzee. Akitanua masikio, akatikisa kichwa na kuwakabili, amekwisha kuwaambia ondokeni. Dereva arudi nyuma taratibu. Ukame ulipopiga Tarangire mwaka 1993, watafiti waliona kwamba makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kwenda kutafuta maji na malisho yalipoteza watoto wachache kuliko yaliyobaki, na wakahusisha jambo hilo na majike wazee waliowahi kuuona ukame mkali miongo mitatu nyuma. Hilo liwasimulieni watoto bibi akiwa anasikia. Halihitaji kuongezewa mawaidha.

Wakati wa chakula

Binti mkwe hakuja Mikumi kuwa mpishi wa ukoo. Chakula cha safari kiwe kile kilichopikwa usiku uliotangulia na mikono mingi: chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi, chai kwenye chupa. Wanaume waoshe vyombo. Hakuna mila ya kabila lolote itakayokufa kwa sababu shemeji ameshika sufuria.

Mzee anawishwe mikono na mtoto, na apakuliwe kwanza. Dereva na mwongozaji waitwe kula pamoja nanyi, wasipelekewe mabaki kwenye mfuniko. Kisha watoto wapite wakiokota kila kilichodondoka hadi maganda ya mayai, taka zote zirudi nanyi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo bebeni kikapu. Bibi atakuwa nacho.

Na picha ziwe na adabu zake. Usimpige mzee picha amesinzia mdomo wazi ukamrusha mtandaoni ili watu wacheke. Muulize, mwache ajifunge kilemba vizuri, kisha mpige akitazama anachopenda kutazama.

Mkirudi

Safari haiishi gari linapozimwa. Mzee afikishwe hadi chumbani, mzigo wake ufunguliwe, maji yake yachemshwe. Kesho yake apigiwe simu na kila mtoto aliyekuwa kwenye safari, hata aliye na haraka ya kurudi ughaibuni. Aliyeshika fedha atoe hesabu bila kusubiri kuulizwa, hata kama zimebaki shilingi elfu mbili. Dereva apewe ahsante yake mkononi na aambiwe neno jema. Picha mbili tatu zisafishwe kwenye karatasi kwa ajili ya bibi, kwa kuwa simu yake ya vitufe haifungui mlizomtumia.

Aliyekosewa njiani na aseme, lakini asiseme kwenye kundi la WhatsApp. Amwendee mhusika, wakae, wamalizane. Wakubwa wakianza kuomba radhi, wadogo watajua namna inavyofanywa.

Basi, wanaukoo, mkijiandaa kwa Pasaka ijayo hesabuni magari, vyumba na viingilio, kisha hesabuni pia nani atapumzika na nani atamsaidia. Familia iliyomrudisha bibi nyumbani akiuliza tutakwenda tena lini, imesafiri vizuri hata kama haikumwona simba. Iliyomwona simba ikamrudisha bibi na kinyongo, imepoteza kiingilio chake.