Damu ya Lyngiades na Mwenye Haki ya Kusamehe

Maalim aliyenisomesha chuoni, hapa Songea, hakuchoka kutukumbusha kwamba Mola husamehe haki yake, lakini haki ya mja humngoja mja mwenyewe. Umemdhulumu mtu shilingi? Nenda kwake kwanza. Na ukiwa umemuua, utakwenda kwa nani?

Lyngiades ni kijiji kidogo cha Ugiriki kwenye mlima Mitsikeli, juu ya ziwa la Ioannina. Oktoba 1, 1943, Ujerumani ikiwa imeikalia Ugiriki, wapiganaji wa msituni walimuua luteni kanali wa Kijerumani, Josef Salminger. Siku ya tatu yake askari wa kikosi cha milimani wakapanda Lyngiades kulipiza kisasi. Wanaume wengi hawakuwapo. Wanawake, wazee na watoto hata wa kunyonya waliswagwa hadi vyumba vya chini vya nyumba, wakamiminiwa risasi, kisha nyumba zikatiwa moto. Walikufa zaidi ya 80. Jenerali Hubert Lanz, mkuu wa majeshi ya Kijerumani eneo lile, alifungwa miaka 12 na mahakama ya Nuremberg mwaka 1948. Mwaka 1951 alikuwa keshatoka.

Machi 2014 Rais wa Ujerumani, Joachim Gauck, ambaye aliwahi kuwa mchungaji, alifika kijijini pamoja na Rais Karolos Papoulias wa Ugiriki, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Wapo waliompokea na mabango ya kudai haki na fidia. Kwa serikali ya Ujerumani, suala la fidia lilishafungwa.

Wenye mabango wale hawakukosa adabu. Mwanachuoni wa Kiislamu Ibn al-Qayyim alisema damu ya mtu ina haki tatu: ya Mungu, ya aliyeuawa na ya warithi. Ya kwanza hufutwa na toba ya kweli. Ya tatu humalizwa kwa kisasi, kwa diya, yaani fidia ya damu, au kwa warithi kusamehe kwa hiari yao. Ya pili haimo mkononi mwa aliye hai yeyote. Mungu ndiye atakayemridhisha marehemu Siku ya Kiyama. Basi mjukuu wa Lyngiades ana fungu moja tu la kusamehe, na hilo ndilo lenye diya. Anayeomba radhi huku amefunga mfuko anamtaka mfiwa atoe mara mbili.

Utasema nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine, na Gauck mwaka 1943 alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Kweli kabisa, kwa Gauck. Lakini dola si nafsi. Inayorithi hazina na reli hurithi na madeni.

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa kwetu Songea akaomba msamaha kwa waliyotenda Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Nduna Songea Mbano wa Wangoni alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ukoo wake unalitafuta fuvu lake hadi leo. Ukiulizwa kama umesamehe, ndugu msomaji, nawe una haki ya kuuliza kwanza kilicholipwa ni nini.