Mwenye akili nzito na kura

Sheria ya uchaguzi ya inchi yetu, ya mwaka 2006, inamkataza kura mtu aliyepotewa na akili yote, tena daktari akihakikisha. Lile neno "yote" tunaliruka. Kijana mwenye akili nzito tunamwacha nyumbani bila daktari, kwa neno la jirani tu.

Wengine wanasema: atadanganywa. Na sisi tunaochagua kwa sababu ya shati na chumvi?

Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru kwa ajili ya vita. Watu waliumia sana: je, sisi si Wakongomani? Kijana huyo naye alikimbia, godoro kichwani, naye anataka kurudi shambani. Asiyeweza kupiga kura peke yake, sheria inamruhusu kuchagua mwenyewe mtu wa kumsaidia.