Mvua ya Dar si Mvua ya Bweyeye

Mjukuu wangu, keti. Nimechoka kusema, lakini miguu imechoka zaidi, basi nitasema nikiwa nimekaa.

Begi lako nimeliona. Sweta tatu, koti zito, jinzi mbili, mabuti ya mpira. Umefungasha kama mtu anayekwenda kuchunga ng'ombe pembeni mwa msitu wa Nyungwe. Sikulaumu, umezaliwa mvuani. Hapa Bweyeye wingu hushuka kutoka msituni likashinda nasi, na aliyelowa hutafuta moto. Kwa hiyo watu wa kwetu wakiambiwa Dar es Salaam ni masika, hujiona wajuzi. Ujuzi huo ndio utakaokutesa.

Masika ya kule, Machi hadi Mei, humwagika juu ya joto. Hutatetemeka. Utatoka jasho ndani ya koti hadi ulowe kwa ndani kuliko nje. Na kinacholowa hakikauki upesi, maana hewa yenyewe ya pwani ina maji; jinzi itaning'inia kambani hadi inuke uvundo. Beba nguo nyepesi, chache, za kufua usiku. Kitenge usikiache: ni shuka, ni taulo, ni kifuniko cha kichwa. Sweta moja ibaki kwa ajili ya basi. Kutoka Kigali ni karibu kilomita 1,500, na usiku wa Singida una baridi yake.

Mabuti yaache. Maji yakishapita shingo ya buti, umevaa ndoo mbili. Wala usikimbilie malapa, yatachukuliwa na mkondo. Chukua viatu vya wazi vyenye mkanda wa nyuma. Lakini sikiliza, nasema taratibu: mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, hakuna kiatu cha kuuvukia. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu Dar, na waliookoka mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Maji yale hubeba vinyesi na misumari. Simama, ngoja yapungue, hata ukichelewa. Mwenyeji akikucheka, mwache acheke.

Karatasi zako usizitie kwenye mifuko ya plastiki. Tanzania imeipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na sisi Rwanda tumeikataza tangu 2008, kwa hiyo huna cha kujitetea. Tafuta kopo lenye kifuniko kinachobana. Humo weka pasipoti au hati ya kusafiria. Kitambulisho kinachokuvusha kwenda Uganda na Kenya usikitegemee mpakani Rusumo. Simu nayo itaingia humo mvua ikianza.

Chandarua kikunje kiwe juu, si chini ya begi. Mbu wa Dar hawasubiri ufungue mizigo.

Ukishavuka daraja la Rusumo, sogeza saa yako mbele kwa saa moja, usije ukaachwa na basi. Magari kule hushika kushoto, kwa hiyo kabla ya kuvuka barabara tazama kulia kwanza, hasa mvua inaponyesha na dereva hakuoni vizuri.

Haya, toa hizo sweta mbili.