Nyota Wasio na Majina

Usiku hapa Ruaha Mbuyuni, malori ya vitunguu yakishaondoka, huwa natazama sinema bubu kwenye simu. Florence Lawrence alipendwa na Wamarekani kabla hawajalijua jina lake. Wakaliulizia mpaka likatangazwa mwaka 1910. (Kwa ajili ya biashara, lakini likatangazwa.)

Sura ninazozirudia zaidi ni za wakulima wa Kingolwira, Morogoro, waliopigwa filamu mwaka 1936 na mradi wa kikoloni, Bantu Educational Kinema Experiment. Majina yao hatunayo. Je, kuipenda sura bila kumuulizia mwenyewe si kuendeleza dharau ileile? Naona ndiyo, maana mabasi yetu ya Dar hupita palepale. Mzee wa miaka 90 bado anaweza kumtambua baba yake, akionyeshwa.