Sharifu ni nani?



Ndugu zangu wanafunzi, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Jamaa zake nimewataja kwa makusudi, kwani habari ya leo inawahusu wao, nami inanigusa. Kwetu Nakivale baba huitwa Sharifu. Asili yetu ni Barawa, na mwenye kutaka dua pale kambini hupiga hodi kwetu kwanza.

Mwezi wa Shaabani kijana mmoja wa Bwizibwera alileta posa ya dada yangu. Ni Mnyankole, babu yake ndiye aliyesilimu. Asubuhi huuza matoke sokoni, jioni husomesha watoto Kurani. Baba hakuuliza habari ya sala yake wala riziki yake. Aliuliza, "Ukoo gani?" Kijana akajibu kwa adabu, "Mzee, mimi ni Muislamu tu." Posa ikarudishwa. Nami nilikuwa nimekaa palepale mkekani, na miaka yangu miwili ya fiqhi, nisifungue kinywa.

Hebu tulitazame jina lenyewe. Sharifu linatokana na neno la Kiarabu sharaf, lenye maana ya utukufu na kuwa juu. Kabla ya Uislamu Waarabu walimwita hivyo mkubwa yeyote wa kabila. Zama za Bani Abbas likawa la watu wote wa nyumba ya Mtume, wawe kizazi cha Ali, cha Jaafar, cha Aqil au cha Abbas. Imamu Suyuti ameeleza kwamba Mafatimi walipotawala Misri ndio waliolifunga kwa wana wa Hasan na Husein peke yao. Na ile alama ya kijani kilembani iliamriwa na Sultani Shaaban wa Misri mwaka 773 Hijria. Kuwapenda watu wa nyumba ya Mtume ni katika dini, hilo silipingi hata kidogo. Lakini mipaka ya cheo imechorwa na kufutwa na watawala, tena zaidi ya mara moja.

Hapa Mbarara majirani zetu walikuwa na Mugabe, mfalme wa Ankole, aliyeondolewa pamoja na wafalme wengine 1967. Wengine walirudishwa 1993, wao hawakurudishiwa. Watu huku hulihusisha jina hilo na kugaba, yaani kutoa na kugawa. Nalipenda kwa sababu hiyo: ni cheo kinachomdai mwenye nacho.

Na sharifu naye anadaiwa. Mtume (s.a.w.) alimwambia binti yake Fatma aombe mali anayoitaka, ila mbele ya Mwenyezi Mungu hatamfaa kitu. Ikiwa Fatma aliambiwa hivyo, sisi wa Barawa tutasema nini? Habib Saleh wa Lamu, aliyefariki 1935, alikuwa sharifu wa Jamalilleil aliyetoka Ngazija. Aliwasomesha watumwa na wazao wao, jambo ambalo wakubwa wengi wa mji hawakupendezwa nalo. Kama alitaka kukaa nao barazani akapewa heshima, nafasi alikuwa nayo.

Tuje kwenye ndoa. Ni kweli maulamaa wa Kishafii wameitaja nasaba katika kufuu, na hapo ndipo baba anaposhika. Lakini hiyo ni haki ambayo mwanamke na walii wake wanaweza kuisamehe, si sharti la kusihi ndoa. Mtume mwenyewe alimwoza Zayd bin Haritha, aliyewahi kuwa mtumwa, binti wa shangazi yake, Zaynab bint Jahsh. (Ndoa ile ilivunjika, na najua baba atanijibu hivyo. Basi nitamtajia Fatima bint Qays, Mkureshi, aliyeshauriwa na Mtume aolewe na Usama, mwana wa Zayd huyohuyo, na mwenyewe akasema alipata heri katika ndoa ile.)

Juzi dada alinipigia simu. Hakulalamika. Aliniuliza tu kitabu kinasemaje, nikamsomea, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona siku ile hukusema?"

Likizo inaanza Ijumaa. Daftari nimelitia mkobani. Kijana wa Bwizibwera, nasikia, bado hajaposa kwingine.